Mgeni wa ng'ambo aanze na mto, gorila watafuata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naamini linawagusa wasomaji wengi walioko Uganda, hasa kila unapokaribia msimu wa kiangazi, ambapo marafiki wa ng'ambo huanza kutuandikia kwamba wamekwisha kukata tiketi na kutuuliza tutawatembeza wapi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Walukuba hapa Jinja. Swali hilo nimeulizwa na majirani ambao watoto wao wameoa na kuolewa Uingereza na Kanada, na walimu wenzangu wa zamani, hata nikaona ni afadhali niandike mara moja ili kila anayetaka asome.

Jibu langu nalitoa mapema. Mgeni wako mpeleke kwanza kwenye mto. Mfuatishe Nile kuanzia pale unapotoka Ziwa Victoria hapa Jinja hadi unapojibana kwenye mwamba kule kwenye maporomoko ya Murchison, na kila mnapopita mweleze habari za watu wa pale. Baada ya hapo, kama siku na fedha zimesalia, nendeni kusini magharibi kwa gorila. Najua wengi wetu hufanya kinyume: mgeni anashuka Entebbe usiku, alfajiri anapakiwa garini, anakaa njiani kutwa nzima, kesho yake anapanda mlima, anatazama gorila kwa saa moja, kisha anarudishwa uwanja wa ndege. Huyo ameona gorila, na hiyo si haba, lakini nchi ameipita amesinzia.

Nina rafiki wa kalamu, Mjerumani, ambaye tulianza kuandikiana tungali vijana katika miaka ya 1980. Alifundisha jiografia hadi alipostaafu, na ramani ya Nile ameichora ubaoni mara nyingi kuliko mimi niliyezaliwa ukingoni mwake. Alipokuja hatimaye, pamoja na mkewe na dada wa mkewe, walikuwa na siku kumi na sita, na mimi ndiye niliyepanga safari. Haya ninayoandika nimeyapata kutokana na safari hiyo, yale tuliyoyapatia na yale tuliyoyakosea.

Siku ya kwanza sikuwapeleka mbali. Tulishuka kwenye bustani ya upande wa mashariki, ile ambayo watu wa hapa huiita chanzo cha Nile, tukakodi boti ya mbao yenye injini ndogo. Tulipofika katikati, pale ziwa linapokwisha na mto unapoanza, nahodha, kijana wa Kisoga mwenye maneno machache, alizima injini. Boti ikatulia kidogo. Kisha omo wake ukaanza kugeuka wenyewe, polepole, kuelekea kaskazini, kana kwamba kuna mtu chini ya maji anayeuvuta kwa kamba. Hakuna aliyesema neno. Rafiki yangu alitia mkono majini akauacha humo, na baada ya muda akaniuliza, "Mwalimu, maji haya yatafika baharini lini?" Nahodha ndiye aliyemjibu kwamba huchukua miezi mitatu hivi hadi Bahari ya Kati. Mzee yule, aliyekuwa akiwafundisha watoto jambo hilohilo kwa miaka mingi, alitikisa kichwa kama anayelisikia kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo mwenyeji anapaswa kuwa na la kusema, wala asiwaachie wageni kibao tu. Kwenye ukingo wa magharibi kuna mnara wa kumbukumbu ya John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika mahali hapa mwaka 1862, na wageni wengi huondoka wakiamini kwamba yeye ndiye aliyeugundua mto. Waambieni kwamba mto ulikuwa na jina lake, Kiyira, na kwamba waliomwonyesha Speke njia walikuwa wakivua samaki hapa tangu enzi za mababu zao. Waelezeni pia kwamba maporomoko aliyoyaona, ambayo aliyapa jina la Ripon, hayapo tena, kwa kuwa yalizama lilipojengwa bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth alilifungua mwaka 1954 na ambalo leo tunaliita Nalubaale. Umeme wa bwawa hilo ndio ulioleta viwanda, viwanda vikaleta wafanyakazi kutoka Teso, Nile Magharibi, Kenya na Kongo, na wafanyakazi hao, waliokosa lugha moja ya nyumbani, ndio waliotufanya sisi watoto wa Walukuba tukue tukizungumza Kiswahili mitaani. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Mke wa rafiki yangu aliniambia kwamba maelezo haya yalimsaidia kuielewa Jinja kuliko kitabu chote cha watalii alichokuja nacho.

Katika bustani hiyohiyo kuna sanamu ya Mahatma Gandhi, kwa sababu sehemu ya majivu yake ilitawanywa hapa mtoni mwaka 1948. Ukitoka hapo, tembeeni kwa miguu katika barabara kuu ya mji na mtazame juu ya maduka, kwani wafanyabiashara wa Kihindi walioyajenga waliandika kwenye kuta za mbele majina ya familia zao na mwaka wa ujenzi. Wenye majina hayo walifukuzwa nchini mwaka 1972 kwa amri ya Idi Amin. Usilifiche hilo kwa mgeni. Atakuheshimu zaidi ukimwambia mwenyewe kuliko akilisoma kwingine.

Chakula cha mchana tulikula Masese, kando ya ziwa, penye wanawake wanaoanika mukene, yaani dagaa, juu ya nyavu hadi ukingo wote unameremeta kama umemwagiwa sarafu. Tulipewa samaki mzima wa kukaanga, ngege, pamoja na viazi vitamu, tukala kwa mikono. Mahali kama hapo hapana tiketi wala kiingilio, lakini nawasihi wenyeji wamsalimu kwanza mama anayeanika samaki, wamwombe ruhusa kabla ya mgeni kuinua kamera, na wanunue kitu.

Sasa nitaje mahali ambapo sijaona msafara wowote wa watalii ukisimama, nami naona ni kosa. Ni kilima cha Mpumudde, hapahapa Jinja. Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza kwa miaka mingi, alikamatwa mwaka 1899 katika nchi ya Lango pamoja na Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, wakapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akiwa mzee, lakini hakufika kwao. Alifariki hapa Mpumudde, akiwa ameshavuka bahari na akiwa amebakiwa na siku chache tu za safari. Nilisimama kilimani na wageni wangu jioni, nikawaonyesha upande wa Bunyoro, nikawaambia kwamba wiki hiyohiyo tutalala kule alikozikwa. Tangu hapo safari yetu ikawa na uzi wake. Hatukuwa tena tunaruka kutoka mbuga hadi mbuga. Tulikuwa tunamsindikiza mzee aliyekuwa akirudi nyumbani.

Kampala iko umbali wa kilomita 80 tu kutoka Jinja, ingawa foleni ya Mukono inaweza kuufanya umbali huo uchukue nusu siku, kwa hiyo ondokeni mapema. Jijini msijaribu kuona kila kitu. Mimi huchagua mahali patatu. Pa kwanza ni makaburi ya Kasubi, walikozikwa Makabaka wanne: Muteesa I, Mwanga aliyerudishwa kutoka Ushelisheli mwaka 1910, Daudi Chwa, na Edward Muteesa aliyekuwa rais wetu wa kwanza na aliyefia London mwaka 1969. Nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, ilikuwa imewekwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu mwaka 2001, kisha ikateketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Ilijengwa upya kwa miaka mingi, na mwaka 2023 iliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuezeka nyumba hiyo ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na pete za nyasi zilizo darini ni 52, kwa idadi ya koo za Buganda. Kina mama wavae sketi ndefu au wajifunge leso, na kila mtu avue viatu. Hayo ni masharti ya nyumba yenyewe, wala hayakubuniwa kwa ajili ya watalii, na wageni wangu waliyafuata kwa furaha baada ya kuelezwa sababu.

Pa pili ni Namugongo, ambapo Charles Lwanga na Wakristo wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Mwanga. Nasisitiza jina hilo, kwa sababu mgeni aliyetoka Kasubi atashtuka kusikia kwamba kijana aliyetoa amri ya kuua ndiye huyohuyo aliyefia uhamishoni Ushelisheli, na hapo ataanza kuuliza maswali yenye maana. Basilika ya Wakatoliki ina nguzo 22, moja kwa kila mfiadini wao, na Waanglikana nao wana mahali pao palepale karibu. Upo pia msikiti, kwa kuwa kabla ya Wakristo hao, katika enzi ya Muteesa I, Waislamu nao waliuawa Namugongo kwa ajili ya imani yao, habari ambayo hata Waganda wengi hawaitaji. Pa tatu ni msikiti mkubwa wa Old Kampala. Mnara wake una ngazi takribani 300, na ukifika juu unaiona Kampala yote na vilima vyake, Namirembe, Rubaga, Makerere, na kila kilima mwenyeji anaweza kukisimulia akiwa amesimama mahali pamoja. Dada wa mke wa rafiki yangu alipumzika mara nne akipanda, lakini alifika.

Asubuhi ya kuondoka Kampala mnunulieni mgeni roleksi kwenye kibanda cha barabarani, chapati iliyokunjiwa mayai, nyanya na kabichi, imtoshe hadi mchana. Kutoka hapo mna njia mbili za kwenda Murchison. Iliyo maarufu hupitia Nakasongola, na ukiishika hiyo usiipite hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa, kwa kuwa vifaru wa Uganda waliuawa wote kabla ya katikati ya miaka ya 1980, na hao wa Ziwa, walioletwa tangu mwaka 2005 na sasa wanazaliana, unawafuata kwa miguu ukiwa na askari. Sisi hata hivyo tulipitia Hoima, kwa sababu ya Kabalega. Amezikwa Mparo, nje kidogo ya mji. Mlinzi wa makaburi, mzee mpole, alitupokea akatueleza mila za kifalme kwa Kinyoro na kwa Kiswahili kizuri cha zamani, nami nikatafsiri kwa Kiingereza. Nilipomwambia kwamba tunatoka Mpumudde alinyamaza, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kutoka Hoima hadi Masindi na kuingia mbugani barabara siku hizi ni ya lami, iliyotandazwa kwa sababu ya mafuta yaliyogunduliwa katika bonde la Ziwa Albert. Visima vya mafuta vimechimbwa ndani ya mbuga yenyewe, na mgeni atawaona wafanyakazi na magari yao. Sioni haja ya kumzungusha asiwaone. Mimi niliwaambia wageni wangu ninavyohofia, kwamba tembo na twiga wa ukingo wa kaskazini hawakuzoea taa na kelele usiku, na tukajadiliana hadi tukafika kambini.

Maporomoko yenyewe yaoneni kutoka chini na kutoka juu, na hili ndilo jambo ambalo nisingependa mtu alipuuze. Boti huondoka Paraa ikipanda mto kwa muda wa zaidi ya saa mbili, ikiwapita viboko, mamba waliolala wamefungua midomo, na tembo waliokuja kunywa. Mnapokaribia, povu jeupe huanza kuelea kuwazunguka, na mnayaona maporomoko kwa mbali kama pazia. Lakini juu, pale mto mzima unapoingia katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 tu na kuanguka mita 43, mnahisi mtetemo kwenye nyayo kabla hamjaona maji. Rafiki yangu alilala kifudifudi akaweka shavu kwenye jiwe. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umelowa kwa manyunyu, akasema kwamba mto aliotia mkono Jinja, uliokuwa mtulivu kama bakuli la maziwa, hakuweza kuamini kwamba ndio huu. Ukitazama pembeni utaona tawi la pili, Maporomoko ya Uhuru, lililopasuka wakati wa mafuriko ya mwaka 1962, mwaka uleule tuliopata uhuru. Na katika miaka ya Idi Amin maporomoko haya yote yaliitwa Kabalega. Sitaki kufufua mjadala wa majina hapa, ila nawaomba wenyeji walitaje jina hilo, kwa sababu nchi hii ilikuwa yake. Jambo moja la manufaa: mbung'o wa Murchison huvutwa na nguo nyeusi na za samawati iliyokolea, kwa hiyo vaeni khaki au kijani kibichi.

Huo ndio mto, na unahitaji siku saba au nane. Sasa nifike kwa gorila, kwani najua msomaji ananingoja hapo.

Sisemi msiende. Nimewaona mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya wageni wangu kufika, nilipokwenda msitu wa Bwindi na walimu wenzangu wastaafu kwa ile bei ya wananchi wa Afrika Mashariki, ambayo hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo tu ya ile ya wageni. Mama mmoja wa gorila alikaa hatua chache kutoka kwetu akimchambua mtoto wake manyoya, na kila mtoto alipojinasua alimrudisha kwa mkono mmoja bila kumtazama, vilevile wafanyavyo mama zetu wakisuka nywele za wasichana. Gorila wa milimani waliobaki duniani kote ni zaidi kidogo ya 1,000, na karibu nusu yao wako Bwindi. Kila kundi hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja tu, na mwenye mafua au aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi, kwa sababu maradhi yetu yanaweza kuwaua. Masharti hayo ni ya haki, na mgeni ayajue kabla hajatoka kwao.

Lakini kibali cha kuwaona ni dola 800 kwa mgeni asiye mkazi, na hapo ndipo tulipoumia. Kampuni moja ya usafiri, ambayo sitaitaja, ilichukua fedha za wageni wangu watatu miezi mitano kabla, ikatuhakikishia kwamba kila kitu kimekamilika. Dereva wao akatupeleka Buhoma, tukalala, asubuhi tukajipanga mezani kujiandikisha. Askari alizitazama zile karatasi, akazigeuza, akanirudishia kwa upole akisema, "Mzee, hivi ni vya Rushaga." Vibali vya Bwindi hutolewa kwa sehemu maalumu ya msitu, na sehemu ziko nne: Buhoma na Ruhija upande wa kaskazini, Rushaga na Nkuringo upande wa kusini. Kutoka Buhoma hadi Rushaga ni safari ya saa kadhaa za milima na kona, na msafara huondoka asubuhi. Makundi yote ya Buhoma siku hiyo yalikuwa yamejaa. Askari walijaribu kupiga simu huku na huku, nawashukuru, lakini haikuwezekana. Dada yule, aliyeweka akiba kwa miaka miwili kwa ajili ya asubuhi ile, alikaa kwenye benchi akavua buti zake moja baada ya nyingine, wala hakulalamika, na nilitamani angenigombeza. Kampuni ilirudisha sehemu tu ya fedha.

Kwa hiyo nawasihi, kabla hamjalipa salio lolote ombeni nakala ya kibali chenyewe, msome jina la mgeni, tarehe na sehemu ya msitu, kisha mhakikishe mnalala kwenye sehemu hiyohiyo. Kosa lilikuwa la kampuni, lakini karatasi zilikuwa mkobani mwangu siku tatu nzima na sikuzisoma.

Neno moja zaidi juu ya Bwindi. Msitu huo ulipofanywa mbuga ya taifa mwaka 1991, Wabatwa waliokuwa wakiishi na kuwinda humo waliondolewa, na wengi wao hadi leo hawana ardhi ya kutosha. Siku hiyo tuliyoikosa tulitembea na wazee wa Kibatwa pembezoni mwa msitu, wakatuonyesha dawa za miti na namna ya kuwasha moto kwa vijiti. Nendeni, ila ulizeni waziwazi fedha mnazotoa zinamfikia nani, na kama jibu halieleweki mpeni mzee aliyewatembeza kwa mkono wenu.

Mahali palipotuponya baada ya hapo ni Katwe. Watu wengi hupita karibu yake wakienda kutazama wanyama katika mbuga ya Queen Elizabeth, wapande boti kwenye mkono wa maji wa Kazinga unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, kisha waondoke. Boti hiyo ni nzuri sana, wala sina la kuongeza. Lakini Katwe kuna ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkeno, maji yake hayana pa kutokea, jua linayakausha, na watu wamechimba chumvi humo kwa karne nyingi. Ukingo wote umegawanywa vijaruba vidogo vya udongo, mamia kwa mamia, na kila kimoja kina mwenyewe. Mama mmoja alisimama ndani ya maji hadi magotini akikusanya utando wa chumvi kwa ubao. Alituambia kwa Kiswahili kwamba kijaruba hicho alirithi kwa mama yake, na kwamba mvua moja kubwa inaweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Alichota chumvi mbichi kidogo, ya rangi ya waridi, akamtilia dada yule kiganjani, na dada akaionja. Juu ya ziwa kimesimama kiwanda kikubwa kilichokufa, walichokijenga Wajerumani zamani, ambacho mabomba yake yaliliwa na maji hayohayo ya chumvi. Rafiki yangu alikitazama kwa muda mrefu, kisha akarudi vijarubani akamwuliza yule mama jinsi anavyojua siku ya kuvuna. Walizungumza nusu saa, nami nikitafsiri. Vijana wa mtaa huwatembeza wageni kwa ada ndogo. Chukueni mmoja wao, na msiende mchana wa saa sita, kwani joto la pale si la kujaribu.

Kuhusu mahali pengine nitasema kwa ufupi. Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109, ni ya wenye nguvu na siku nyingi, na barafu yake inapungua kila mwaka. Kibale ni msitu wa sokwe, na kibali chake ni nafuu kuliko cha gorila. Ziwa Bunyonyi linafaa kwa kupumzika baada ya safari ndefu. Kidepo, mbuga ya Karamoja, sijafika, kwa hiyo sitawafundisha watu wa Karamoja nchi yao, lakini natamani mmoja wao aandike katika ukurasa huu.

Yako mambo madogo ambayo mwenyeji hukumbuka akiwa amechelewa. Mgeni aje na cheti cha chanjo ya homa ya manjano na dawa ya kuzuia malaria. Akitaka kuvuka pia Kenya na Rwanda, iko viza moja ya utalii ya Afrika Mashariki ya dola 100 kwa siku 90. Msisafiri usiku. Msipange zaidi ya mahali pamoja pa kulala kila baada ya siku mbili, kwa kuwa wazee huchoka na kupakia mizigo kuliko wanavyochoka na kutembea.

Sasa naomba msaada wa wasomaji wa Kapchorwa. Wageni wangu wanarudi, safari hii na mama mzazi wa wale kina dada wawili, mwenye umri wa miaka zaidi ya 80, na nimeamua kuwapeleka mashariki, kwenye maporomoko ya Sipi, wayaone yote matatu, wanywe kahawa iliyokaangwa na kutwangwa mbele yao, na wazione zile njia za milimani ambako wakimbiaji wetu kama Stephen Kiprotich na Joshua Cheptegei walilelewa. Ninachotaka kujua ni kama kuna mahali ambapo bibi anayetembea na fimbo anaweza kuketi akaliona lile poromoko kubwa la chini bila kushuka mteremko, na kama mwezi wa Januari maji huwa bado ni mengi. Atakayenijibu kupitia ukurasa huu nitamshukuru, na wageni nitawaelekeza walale kwa majirani zake.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Walukuba, Jinja